Mgeni Aliyeponya Wenyeji: Maisha ya Daktari Adrian Atiman, Katekista wa Karema

Hapa Misunkumilo, kama ilivyo katika kata nyingine za Manispaa ya Mpanda, jumuiya ndogondogo za Kikristo hukutana, husali, husoma Neno la Mungu, na kabla ya kutawanyika huulizana ni nani atakayekwenda kumtembelea mgonjwa. Mara nyingi hujitokeza mtu yuleyule aliyejitokeza wiki iliyopita. Wengine huinamisha vichwa. Siku hizi limezuka pia swali la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini lakini likasikika na wote, nalo ni kama kazi hiyo ina posho. Hatuliandiki jambo hili ili kumlaumu mtu. Tunajua bei ya mbolea, tunajua ada za shule, na tunajua kwamba mama anayeuza nyanya sokoni hawezi kufunga meza yake kila siku akaenda kuhudumia nyumba za wengine. Swali la posho si swali la watu waovu. Ni swali la watu waliochoka.

Hata hivyo tumeona vema kumkumbuka mtu mmoja ambaye waamini wa jimbo letu la Mpanda wana haki ya kumwita wao, ingawa alizaliwa mbali mno na ziwa letu. Jina lake ni Adrian Atiman. Wazee wa mwambao wa Tanganyika wamelipokea jina hilo kutoka kwa wazazi wao, na Jimbo la Sumbawanga, tulilomegwa kutoka kwake mwaka 2000, lina hospitali inayoitwa kwa jina lake. Lakini miongoni mwa vijana wetu wapo wanaolijua kama jina la jengo tu. Ndiyo maana tunayasimulia maisha yake hapa.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi hivi alitekwa na Watuareg, akapelekwa Timbuktu, akauzwa. Kutoka hapo alivushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini pamoja na mateka wengine. Safari hiyo hatuwezi kuisimulia kama inavyostahili. Mtoto aliyezoea mto na miti alitembezwa katika mchanga usio na mwisho, akiwa mali ya mtu, wala hakuna ndugu hata mmoja aliyejua alipo. Mwishoni alifika Metlili, mji wa oasisi pembezoni mwa jangwa katika nchi ya Algeria, na hapo Wamisionari wa Afrika, ambao babu zetu waliwaita Mapadri Weupe, walimnunua kutoka kwa bwana wake ili awe huru.

Shirika hilo lilikuwa bado changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Muda mfupi kabla ya hapo njaa kali ilikuwa imeipiga Algeria, na Lavigerie alikusanya mayatima wengi na kuwatunza. Kazi ya kuwakomboa watoto watumwa ilifuata njia ileile. Atiman alipelekwa Algiers, akafundishwa kusoma na kuandika, akafundishwa dini, akabatizwa kwa jina la Adrian.

Lavigerie alikuwa na wazo lililowashangaza wengi wa wakati wake. Aliamini kwamba Afrika itaongoka kwa kazi ya Waafrika wenyewe, na kwamba wamisionari wa Ulaya ni wa kufungua njia tu. Akaona pia kwamba mtu anayeponya mwili hufunguliwa mlango ambao mhubiri peke yake huukuta umefungwa. Kwa hiyo aliamua kuwachagua baadhi ya vijana waliokombolewa utumwani, awasomeshe udaktari, kisha awatume kama walei, watu wenye ndoa na familia, waishi katikati ya watu wakiwa madaktari na makatekista kwa wakati mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alianzisha taasisi kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta. Adrian Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao. Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Malta, yeye ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa amepangiwa bei katika soko la Timbuktu.

Mwaka 1888 masomo yakakamilika. Ni mwaka uleule ambao Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya, Paris na London ikiwa miongoni mwake, akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikiendelea katika nchi za maziwa makuu, yaani katika nchi zetu. Wakati Kardinali anahutubia mikutano mikubwa, Atiman alipanda meli kuelekea Zanzibar pamoja na msafara wa wamisionari. Pwani ilikuwa katika machafuko mwaka huo, kwa kuwa Abushiri na wenzake walikuwa wameinuka kupinga utawala wa kampuni ya Wajerumani. Kutoka pwani safari ilikuwa ya miguu, kwa njia ya misafara ipitayo Tabora. Mwaka 1889 aliwasili Karema, akiwa kijana wa miaka kama ishirini na mitatu.

Karema ya wakati huo haikuwa Karema ya bandari mpya tunayoisikia leo katika taarifa za habari. Ilikuwa ngome. Wabelgiji wa Chama cha Kimataifa cha Afrika, kilichoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili, walikuwa wameijenga mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaikabidhi kwa wamisionari. Ndani ya boma na kandokando yake waliishi watu waliokombolewa utumwani, wakimbizi, yatima, na wenyeji waliotafuta usalama. Wavamizi wa kutafuta watumwa walikuwa bado wanazunguka pande zote mbili za ziwa. Kwa hiyo kijana huyu alifika mahali palipojaa watu waliopitia yale aliyopitia yeye. Tunadhani jambo hili lilikuwa na uzito kuliko vyeti vya Malta. Mgonjwa aliyekuwa na alama za minyororo alitibiwa na daktari aliyewahi kuwa bidhaa kama yeye.

Hapo Karema akaanza kazi, na hapo Karema akaendelea nayo kwa miaka 67.

Tuombe wasomaji watulie kidogo mbele ya hesabu hiyo. Kutoka mwaka 1889 hadi 1956. Alipofika, Wajerumani walikuwa bado hawajaweka utawala wao katika mwambao wa ziwa letu. Akawaona wakija. Akaiona Vita Kuu ya Kwanza ikipita, na Wajerumani wakiondoka. Akawaona Waingereza wakishika nchi. Akaona Shirikisho la Mataifa likitoweka, Umoja wa Mataifa ukizaliwa, vita ya pili ikianza na kuisha. Katika uzee wake, karibu na mwaka 1950, reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi, na mji huu tunaoishi ukaanza kuwa mji. Muda wote huo, mtu wa Karema aliyeamka usiku na mtoto mwenye homa alijua mlango wa kugonga.

Kazi yenyewe ilikuwa ya namna gani? Asubuhi wagonjwa walimjia: vidonda, homa, macho, majipu, watu waliojeruhiwa na wanyama au kwa silaha. Miaka ya 1890 ilileta funza, mdudu aliyeingia Afrika kutoka ng'ambo ya bahari ya Atlantiki na kusambaa kuja pande za maziwa, akilemaza miguu ya watu ambao hawakuwa wamewahi kumwona. Kulikuwa na ndui. Kulikuwa na malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, ambao ulihamisha vijiji vizima katika pande zetu. Hata leo tunapopita katika pori la Katavi, tunajua ni kwa nini sehemu fulani hazina watu. Dawa kutoka Ulaya zilikuja kwa meli, kisha kwa vichwa vya wapagazi, na mara nyingi zilikuwa chache. Atiman hakungoja shehena. Alijifunza dawa za miti za wenyeji, akazichunguza, akatumia zile zilizosaidia pamoja na elimu aliyoileta kutoka Malta. Tunalisema hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba msomi akija kijijini huja kufundisha tu. Huyu alikuja pia kujifunza, na aliowaendea ni Wabende, Watongwe, Wafipa na wengine ambao hakuwa na lugha yao wala damu yao.

Na jioni alifundisha katekisimu. Katika mpango wa Lavigerie kazi hizo mbili hazikutenganishwa, na Atiman hakuzitenganisha. Aliyefunga kidonda mchana ndiye aliyeeleza Amri za Mungu jioni, na walioketi mbele yake walikuwa na sababu ya kumsikiliza.

Karema ndiko alikooa. Mkewe, Agnes, alikuwa wa kabila la Wabende, binti wa nyumba ya kichifu. Tungependa kuandika mengi kumhusu kuliko yalivyo katika simulizi, kwa maana simulizi za watu mashuhuri zina tabia ya kuwaacha wake zao jikoni. Lakini kila mwamini aliyewahi kuolewa na katekista, na kila mume wa mama mwenye uongozi wa WAWATA, anaweza kuikamilisha habari hii mwenyewe. Mgonjwa anapobisha hodi usiku wa manane, hamwamshi daktari peke yake. Chakula kilichoandaliwa kwa watu wanne hugawanywa kwa watu saba. Maji ya kuoshea kidonda yamechotwa na mtu fulani. Anayejitolea hujitolea pamoja na nyumba yake, hata kama nyumba haikuulizwa. Adrian na Agnes walipata mtoto wa kiume, Joseph, naye akawa padri. Kijana aliyekulia katika nyumba isiyofungwa usiku alichagua maisha ya kutofunga mlango.

Sasa tufike kwenye swali gumu, ambalo msomaji makini wa Misunkumilo huenda ameshaliuliza moyoni. Je, Atiman alikuwa mtu wa kujitolea? Alinunuliwa na Kanisa, akasomeshwa na Kanisa, akatumwa na Kanisa. Wamisionari walimtunza yeye na jamaa yake. Mtu anaweza kusema kwamba alikuwa akilipa deni, au kwamba hakuwa na njia nyingine.

Tunaona swali hilo ni la haki, na hatutaki kulikimbia. Ni kweli kwamba mwanzo wa safari yake haukuwa uamuzi wake. Hakuchagua kutekwa, hakuchagua kununuliwa, na sidhani kama kijana wa miaka kumi na tano anaweza kusemwa kuwa amechagua Malta. Lakini fedha iliyotolewa Metlili ilitolewa ili awe huru, na mtu aliye huru hana deni la bei yake. Tena, alikuwa na elimu ambayo katika Afrika ya mwaka 1889 Waafrika wachache mno walikuwa nayo. Kwa elimu hiyo angeweza kutafuta maisha Zanzibar, au katika mji wowote wa pwani, au kurudi kaskazini. Serikali zilizofuata zilihitaji watu wenye ujuzi wa tiba na zilikuwa na mishahara ya kuwapa. Kuanza kulitokana na mpango wa Kardinali. Kubaki kulitokana na Atiman. Lavigerie alifariki mwaka 1892, miaka mitatu tu baada ya msafara kufika, na taasisi ya Malta ikafungwa kabla ya karne kwisha. Mpango ulikwisha, mtu akabaki miaka mingine zaidi ya sitini.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo kujitolea kwake kunapoonekana. Tumezoea kumsifu anayeinua mkono wa kwanza siku ya kampeni ya usafi, anayepigwa picha na ufagio, anayechukua fulana. Kuinua mkono ni jambo jema. Lakini mgonjwa wa kiharusi aliyelala ndani miaka minne haponywi na siku moja ya usafi. Anamhitaji mtu atakayerudi Alhamisi ijayo, na Alhamisi inayofuata, wakati ambapo hakuna anayepiga picha na mgonjwa mwenyewe ameshaanza kuwa na hasira.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu ile posho. Tukisoma vizuri mfano wa Msamaria Mwema katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunakuta kwamba huruma ile ilikuwa na gharama iliyohesabika: mafuta, divai, mnyama wa kubeba, na dinari mbili zilizoachwa kwa mwenye nyumba ya wageni, pamoja na ahadi ya kulipa kilichozidi. Bwana wetu hakumfanya yule mwenye nyumba ya wageni atoe chakula bure ili aonekane mwema. Vivyo hivyo Atiman asingeweza kukaa Karema miaka 67 kama asingepata nyumba, chakula na dawa za kutumia. Kulikuwa na watu nyuma yake waliobeba upande wao wa mzigo. Hilo tunalisema kwa viongozi wetu wa jumuiya, kigango na parokia, na sisi wenyewe tukiwamo. Si haki kumwomba mama mjane awatembelee wagonjwa wa mitaa mitatu kwa nauli yake mwenyewe, kisha tumhubirie sadaka anapochoka. Wala si haki katekista afundishe watoto wetu mwaka mzima na shamba lake likaota magugu, huku sisi wenye majembe tukimpongeza Jumapili. Siku mbili za palizi katika shamba la katekista nazo ni kujitolea, na pengine ndiko kujitolea kunakowafaa wale wanaosema hawana kipaji cha kufundisha.

Kwa hiyo anayeuliza kama kuna posho huenda anauliza jambo la maana kwa maneno yasiyofaa. Tumjibu kwamba mshahara hakuna, lakini hutaachwa peke yako. Kama jibu hilo si la kweli katika jumuiya yetu, basi tulifanye kuwa la kweli kabla ya kuwatafuta watu wapya.

Turudi Karema. Atiman alizeeka machoni pa watu aliowahudumia. Watoto aliowatibu walikua, wakaoa, wakaleta watoto wao, nao wakaleta wajukuu. Kanisa na serikali zilimtambua kwa nishani, jambo ambalo tunalitaja na kuendelea. Mwaka 1946 simulizi ya maisha yake, iliyoandikwa naye mwenyewe, ilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililokuwa likisomwa na watawala na wataalamu wa nchi nzima. Tunafurahi kwamba aliandika. Mamilioni ya watu waliouzwa kama yeye hawakupata kalamu, na sauti ya mtoto wa Tundurma inabaki miongoni mwa sauti chache za namna hiyo.

Mwaka 1953 Karema ilifanywa jimbo kamili. Atiman alikuwa bado hai, mzee sana. Alifika katika ngome yenye Wakristo wachache waliokimbilia usalama, na akaishi kuona Kanisa lenye askofu wake, mapadri wake wazalendo, mmoja wao mwanawe, na masista wake. Alifariki Karema mwaka 1956, akikaribia miaka tisini. Miaka miwili baadaye, mwaka 1958, Charles Msakila akawa askofu Mwafrika wa jimbo hilo, ambalo mwaka 1969 lilibadilishwa jina kuwa Sumbawanga. Lile wazo la Lavigerie, kwamba Waafrika ndio watakaoibeba kazi, halikuwa tena wazo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kwa mzaha, mgeni anapofika na kuku anachinjwa. Kwa watu wa Karema haikuwa mzaha hata kidogo. Lakini methali inasema pia juu ya mwenyeji, na sisi wa Misunkumilo wengi wetu ni wageni na wenyeji kwa pamoja. Mtaa mmoja una mtu wa Rukwa, jirani yake ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe, mwingine alifuata machimbo ya dhahabu, mwingine alihamishiwa hapa kama mwalimu. Tunasikia mara nyingi kwamba watu hawajitolei mjini kwa kuwa hawajuani, kwamba kule nyumbani ilikuwa rahisi kwa sababu mgonjwa alikuwa shangazi. Atiman hakuwa na shangazi Karema. Aliwatibu watu ambao hawakuwa ndugu zake mpaka wakawa ndugu zake, na hilo halikuchukua wiki mbili.

Kanisa limeendelea kuyasisitiza haya tangu alipofariki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa mwaka 1965 hati maalumu juu ya utume wa walei, ukitambua kwamba wito wa kutumikia unatokana na Ubatizo wenyewe. Tarehe 10 Mei 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya Katekista kwa ajili ya Kanisa lote. Waliposikia habari hiyo, wengine walidhani ni jambo jipya. Kwa waamini wa mwambao wa Tanganyika halikuwa jipya. Walikuwa wamemwona katekista wa namna hiyo kwa miaka 67.

Kutoka Misunkumilo hadi Karema ni zaidi ya kilometa mia moja kuelekea magharibi, kwa barabara inayoteremka hadi ziwani. Tungefurahi kama vijana wa VIWAWA na wanafunzi wa TYCS wangepanga kwenda huko siku moja, si kwa matembezi tu, bali wakae na wazee na kuwauliza wanachokumbuka kutoka kwa wazazi wao kuhusu daktari huyo, kisha wayaandike. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Hiyo nayo ni kazi ya kujitolea, na haihitaji zaidi ya daftari, nauli na uvumilivu.

Wakati huohuo, wagonjwa wa mtaani hawapungui. Katika jumuiya nyingi wapo wanaopokea Komunyo nyumbani, wapo wazee wanaoishi peke yao, wapo watoto wanaotunza wazazi wagonjwa kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Majina yao wanayo wenyeviti wa jumuiya. Anayeweza saa mbili kwa wiki aseme saa mbili. Anayeweza kupalilia, aseme siku. Mwenye pikipiki na aseme ni asubuhi ipi anaweza kumpeleka mgonjwa kliniki. Wenyeviti wanaombwa kuandika pia, kando ya jina la kila anayejitolea, jina la mwingine atakayemshika mkono atakapougua au kuchoka yeye mwenyewe.